Mguu wa Kulia wa Zainabu

Naliendele, Mtwara

Mdogo wangu Mwanahawa,

Asalamu alekum. Hujambo wewe, hawajambo wa hapo nyumbani, na macho yameamkaje? Nauliza macho kabla ya mwili kwa sababu ndo yanayonikosesha raha. Sisi huku wazima, uzima wa kusema tu, maana mmoja wetu yuko nusu, na huyo nusu ndo anayeiandika barua hii. Hatibu akikusomea atasema herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mwambie asicheke. Mwandishi anaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, unaning'inia shingoni kwa kanga yangu. Ni Zainabu, mjukuu wangu, yule aliyekwambia kwenye simu bibi mdogo tandika kitanda tunakuja.

Hatuji, Mwanahawa.

Nimelisema mapema ili usikae unalingoja mpaka mwisho. Na nimetaka barua, si simu, kwa sababu kwenye simu nikianza mimi kulia na wewe utalia, mtandao utakata katikati, kila mtu abaki na kilio chake. Barua hii anakuletea Pili. Pili ni nani nitakwambia, tulia.

Wewe unajua safari hii ilikuwa nini kwangu. Tangu nimfuate marehemu mume wangu huku kwao Mahurunga, nikakuacheni wewe na mama kambini kwenye mkonge, nimekuja huko mara za kuhesabika, na zote za msiba. Nimekuja kumzika baba, nimekuja kumzika mama, nimekuja kwa kaka yetu nikakuta wameshazika. Sijawahi kuja Muheza nikakuta watu wanacheka. Hii ndo ingekuwa ya kwanza. Na wewe mwenyewe uliniambia, dada njoo nikuone sura kabla hili giza halijafunga, daktari amesema ni presha ya macho na hayarudi nyuma. Neno hilo nilikuwa nalala nalo.

Sasa ngoja nianze kwenye baiskeli, maana bila baiskeli hutaelewa.

Mume wangu alipofariki, mwanangu baba Zainabu alinitoa Mahurunga akanileta hapa Naliendele, pembeni ya mji. Kule nilikuwa nimebaki peke yangu na shamba la mpunga karibu na Ruvuma, na mpunga wenyewe tunalima sisi wanavuna viboko. Unakuta asubuhi pamelazwa pote kama walicheza ngoma. Basi nikahama. Mama yake Zainabu alitangulia siku nyingi, Mungu amweke pema, baba yake yuko machimboni Tunduru, kwa hiyo hapa nyumbani tuko wawili, mimi na huyu mtoto. Mtoto naye si mtoto tena, kamaliza shule, ana miguu mirefu kama ya baba yetu.

Njia panda hapa kuna fundi baiskeli, mtu mzima, zamani alikuwa anashindana. Wasichana wanamwita kocha. Alipata baiskeli mbili za mashindano kwa mtu wa Dar aliyeacha kuendesha, moja akampa Zainabu, nyingine akampa Pili, binti wa bondeni kule chini ya mikorosho. Baiskeli zenyewe, Mwanahawa, nyepesi mpaka zinatia shaka. Mimi na umri huu naiinua kwa mkono mmoja. Haina keria, haina kengele, haina stendi. Nikauliza, sasa hii inabeba nini? Kocha akasema inabeba mtu, bibi.

Kilichonishangaza zaidi ni viatu. Chini ya kiatu kuna kipande cha chuma. Ukikanyaga pedali, kile chuma kinang'atana na pedali, tak, mguu umefungwa. Nikamwambia kocha wewe umemfunga mtoto wangu kwenye mashine. Akasema ukifungwa hivo nguvu haipotei, unasukuma na unavuta. Ukitaka kutoka huinui mguu juu kama unavyovua kandambili, hapo hautoki hata ukivuta mpaka kesho. Unatupa kisigino nje, pembeni, tak, umeachiwa. Kusema ni rahisi. Kufanya, unatakiwa ukumbuke kabla baiskeli haijasimama, maana ikishasimama wewe bado umefungwa, unakwenda chini pamoja nayo, polepole, kama gogo, huku watu wanatazama.

Zainabu aliangukia sokoni. Akaangukia mbele ya msikiti watu wanatoka swala. Akaangukia kwenye kijiwe cha bodaboda, akiwa amesimama kabisa, ametulia, anamsalimia mtu, akaenda chini taratibu. Kijana mmoja wa bodaboda akamwambia, "Dada, umepaki vizuri ila umesahau stendi." Mpaka leo akipita pale wanamwita Stendi. Sasa hivi hapa ameacha kuandika, anacheka, anasema bibi hilo lisiende Tanga. Nimemwambia andika, wewe andika.

Kocha akamfundisha kwa ukuta. Kila asubuhi anaegemea ukuta wa nyumba yetu kwa mkono wa kulia, amekaa juu ya baiskeli, mguu wa kushoto tak anaingiza, tak anachomoa. Mpaka ikawa haifikirii. Barabarani pia ndo hivo, upande wa kushoto kuna majani, unatoa mguu wa kushoto unakanyaga majani, umepumzika. Kuanguka kukaisha. Lakini mguu wa kulia hakuufundisha. Kocha anamwambia geuza baiskeli, shika ukuta kwa kushoto, fundisha na huu mwingine. Yeye anasema nikigeuka upande ule natazama choo. Ndo sababu aliyotoa. Ni kweli ukigeuka upande ule unatazama choo.

Mimi nilimwelewa, kwa sababu na mimi nilifanya vilevile na baba yake. Unakumbuka mama alivyokuwa ananisema, nilipokuja na mtoto mgongoni kumzika baba? Nilimzoesha ziwa la kushoto, nilikuwa nampakata hivo ili mkono wa kulia usonge ugali. Akanyonya kushoto, akanyonya kushoto, la kulia likakasirika likakauka, nikabaki na moja kama bibi wa ajabu. Mama akasema hilo jingine umemwekea nani. Zainabu anasema hili ndo kabisa nisiandike. Andika. Bibi mdogo alikuwepo.

Pili yeye anachomoa miguu yote miwili. Si kwamba ana akili kuliko wetu. Njia ya kwao upande wa kushoto ni korongo tupu, ukiweka mguu huko unaondoka na maji, kwa hiyo ilibidi ajue kulia. Wetu hapa njia ni nzuri pande zote, hakuna kilichomlazimisha.

Basi yakaja mashindano ya huko Tanga. Kocha akaambiwa alete msichana mmoja tu. Akawashindanisha hao wawili barabara ya Newala, kwenda na kurudi, na Zainabu akamwacha Pili mbali. Kocha akaja hapa mwenyewe kuniambia. Na akasema, bibi, gari tumepata, linapita Muheza kabla ya kufika Tanga, kiti kimoja kipo wazi, kwa nini usiende kumwona mdogo wako. Mwanahawa, nilikaa chini kwenye mchanga. Nilikuwa na ungo wa mbaazi mkononi, zikamwagika zote, kuku wakashukuru. Ndo siku ile tuliyokupigia simu.

Nikaanza kukusanya vitu. Nikabangua korosho mwenyewe, sikutaka za dukani, za dukani hazina mafuta. Nikazikaanga, nikazitia kwenye mfuko, nikafunga. Kocha alisema vitu vidogo vipelekwe kwake mapema avipange kwenye gari. Zainabu alikuwa amekwenda kufanya zoezi lake la kila siku, nikasema akirudi nimpe hizi aziweke kwenye mfuko wa mgongoni wa fulana yake, ageuze palepale azipeleke.

Hapa ndo pananiuma. Nisikilize vizuri.

Kuingia uani kwetu kuna njia nyembamba. Upande wa kushoto nilikuwa nimeanika makopa kwenye mkeka, muhogo umekauka vizuri, mweupe. Nikasema nikisimama huko nitayatimulia vumbi. Nikasimama kulia. Kwa ajili ya makopa tu, Mwanahawa, hakuna jambo jingine. Mtoto akaja, namwona, anapunguza mwendo, ameshachomoa mguu wa kushoto kama kawaida yake, tak, nimeusikia. Ilibaki aweke chini. Mimi nikanyoosha mkono na mfuko wa korosho.

Sasa wewe unajua tulivyolelewa, na mimi nimemlea hivohivo. Mkubwa akinyoosha mkono huachi mkono wake hewani. Unapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaushika wa kulia hapa kwenye kiwiko, na unainama kidogo. Nimemfundisha tangu hajaota meno. Akisahau nilikuwa narudisha kile kitu nyuma mpaka akumbuke. Basi hakusahau. Aliachia baiskeli mikono yote miwili. Wa kulia ukaja kwenye korosho, wa kushoto ukashika kiwiko, na akaniinamia mimi, upande wa kulia. Na mguu wa kulia umefungwa.

Alisema "Ahsante bibi" akiwa anaanguka. Nililisikia lile neno likienda chini.

Niliona ule mguu unavyohangaika. Unavuta juu, unavuta juu, hautupi kisigino, haujui. Akatanguliza mkono. Mlio wake sitausema.

Mama Shamte jirani ndo aliyekimbia kuita bodaboda, tukampeleka hospitali, katikati yetu, mimi nyuma nimemshika. Aliyetubeba ni yuleyule kijana wa Stendi. Hakutania hata neno. Alikwenda polepole, kila shimo analizunguka. Hospitali wakasema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika, wakamfunga, wakasema atakaa nao hivo mpaka mwezi upite na zaidi.

Kocha alikuja jioni. Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda akaviokota vile viatu, akavigeuza chini juu, akanionyesha. Chuma cha kushoto kimelika, kimekuwa chembamba, kina mikwaruzo. Cha kulia kinang'aa kama kimetoka dukani leo. Akasema, "Bibi, hiki cha kulia ni kipya." Basi. Akavirudisha chini vizuri, kimoja pembeni ya kingine. Nikamwuliza, sasa? Akasema atakwenda Pili.

Watu wamenifariji sana, wanasema ni kazi ya Mungu, na ni kazi ya Mungu kweli, sibishani. Lakini nikikaa peke yangu naanika makopa yale upande mwingine. Kila siku nayaanika upande mwingine, nasimama kushoto, mtoto anakuja, ananiinamia, mguu unakanyaga chini, anapokea korosho, anaondoka. Adabu siijutii. Ningemlea tena ningemfunza vilevile. Najutia mahali niliposimama.

Usije ukaanza kusema ni korosho zako. Nakujua. Si korosho. Zilimwagika, tukaziokota, Mama Shamte akazipeta mchanga wote, na hizo ndo anazokuletea Pili. Ukikuta moja ina mchanga, hiyo nisamehe.

Sasa utauliza, dada, mtoto kavunjika, wewe je, kiti chako? Ndo nilikuwa nalizunguka hili. Kiti kilikuwepo. Kocha alisema, bibi, chako kipo palepale, hiki hakina uhusiano na mkono wa Zainabu. Mama Shamte akasema nitamwangalia. Na Zainabu mwenyewe akaniambia, "Bibi, nenda. Bibi mdogo hakungojei wewe tu, anangojea na macho yake." Alisema hivo, na ndo anayeandika hapa, hawezi kukataa.

Nikafunga begi. Kweli nililifunga, nikaliweka mlangoni. Nikatoka kwenda kisimani, niliporudi nikamkuta chumbani anajifunga kanga. Upindo mmoja ameubana kwa meno, mwingine ameushika kwa kushoto, anazunguka kama anayetafuta mlango gizani, kanga inaanguka, anainama anaiokota, anaanza tena. Hakujua kama namwona. Hakulia, wala hakuniita. Nikarudi nyuma hatua, nikakohoa nikiwa uani, nikaingia nikamfunga. Halafu nikalifungua lile begi.

Mama Shamte ni mtu mwema, lakini ana watoto wake wadogo na genge lake la samaki. Huyu hajioshi vizuri, hachani nywele, hasongi ugali. Kula kwa kushoto hali mbele yangu, labda nife, kwa hiyo namlisha mwenyewe, tonge kwa tonge, mkubwa mzima na kifua chake, anafumbua mdomo kama kifaranga. Kuandika kwa kushoto nimeruhusu, kuandika si kula. Ningemwachaje? Na wewe nimekuachaje? Kote nimejikata, Mwanahawa. Nilikuwa na mahali pawili pa kuwa, na mwili ni mmoja. Nilipokuwa msichana nilichagua huku, sikujiuliza mara mbili, mwanamume alikuwa mzuri. Sasa nimechagua huku tena, na safari hii nimejiuliza, na jibu limekuja lilelile, na limeniuma kuliko lile la kwanza.

Nakwambia na hili, maana wewe unapenda habari zikamilike. Huyu mtoto hajaacha. Mkono wa kulia haushiki kitu, umebaki wa kushoto. Sasa mtu mwenye mkono wa kushoto tu akitaka kuegemea ukuta, inambidi ageuze baiskeli. Basi kila asubuhi amegeuka, anatazama choo, mimi nimeshika kiti cha baiskeli kwa nyuma isimponyoke, na mguu wa kulia unajifunza. Mwanzo ulikuwa mbishi. Unavuta juu. Namwambia kisigino, kisigino nje, nimekuwa kocha mimi. Sasa unatii. Si haraka, lakini unatii. Chuma kimeanza kupata mikwaruzo. Namtazama najisemea, hivi ilitakiwa avunjike ndo ageuke? Halafu nanyamaza, kwa sababu asubuhi ni nzuri na hewa ya maua ya mikorosho inatufika pale ukutani.

Huyu Pili mpokee vizuri. Hana kosa, na amekuja kulia hapa kwetu kabla ya kukubali, akasema siwezi kuchukua nafasi ya mwenzangu. Zainabu atampa viatu vyake siku ya safari, maana vinakaza mguu kuliko vya Pili. Nilipomwuliza Zainabu tumwandikie bibi yako nini kuhusu Pili, aliinua kalamu juu ya karatasi, halafu akasema, "Mwandikie anachomoa miguu yote miwili." Akaandika mwenyewe, sikumtajia. Nilimwona alivyokandamiza kalamu.

Kitanda ulichonitandikia mimi, mlaze yeye. Usikitandue na kuweka shuka nyingine, shuka ile ile uliyoniambia ina maua mekundu. Mpe chai ya mchaichai. Na umkalishe mwangani, karibu na dirisha, umtazame sana. Yeye ananijua, nimemnywesha uji mara nyingi. Muulize sura yangu atakwambia. Mwambie asikudanganye kuwa sijazeeka. Kovu hapa kwenye nyusi lipo bado, lile la nazi uliyonipiga wewe.

Nisalimie Hatibu, mwanao anayekusomea, koo lisimkauke. Nisalimie mkewe, mkamwana wako anayekutia dawa ya macho, mwambie Mungu atamwona. Nisalimie shemeji yangu fundi majembe, na yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa anapiga kengele ya kambi, kama bado yupo. Ukienda makaburini mwambie mama kwamba la kulia lilikauka kweli.

Kocha amekubali gari lisimame hapo Muheza barabarani, Pili ashushe baiskeli yake aje nayo mpaka mlangoni kwako, anyooshe miguu baada ya safari. Najua utakuwa umeshatoka nje unangoja. Nakuomba kitu kimoja. Usimnyooshee mkono akiwa bado juu, na yeye amefunzwa kama sisi, ataupokea. Ngoja miguu iwe chini. Kama miguu huioni vizuri, sikiliza. Itasema tak. Hapo usisogee, huo ni wa kushoto. Ngoja mpaka na mguu wa kulia useme, tak. Ukiisikia miwili, nenda ukamkumbatie, na umkumbatie kwa nguvu zile ulizoniwekea mimi.

Ni mimi dada yako Somoe, wa Naliendele, niliyesema. Aliyeandika ni Zainabu, kwa kushoto.